Mshona Magunia Akae Upande Gani

Asubuhi hiyo tulitoka Katesh bila kujua tunakwenda kwa nani. Najua ninyi vijana wa sasa hamwashi hata pikipiki kabla ya kupiga simu. Sisi watu wa mashine ya kupukuchua mahindi tulikuwa tunawasha trekta, tunafunga mashine nyuma, tunapanda juu ya turubai pamoja na magodoro yetu, halafu tunakwenda kutafuta. Mwezi wa nane mashamba ya Hanang yamekauka, na mahindi yaliyovunwa unayaona kwa mbali, marundo yamekaa pembeni ya nyumba. Ukiona rundo unasimama, unasalimia, unauliza kama kuna mashine nyingine iliyoahidiwa. Kama haipo, umepata kazi. Mpango wetu ulikuwa huo tu.

Tulikuwa wanne. Trekta liliendeshwa na Bura, mtu wa Mbulu, mpole akiwa ameshiba na mbishi saa zote nyingine. Gidamis, Mbarabaigi wa huku huku Hanang, Mang'ati kama wengine wanavyowaita, alibeba mahindi kutoka kwenye rundo mpaka kwenye mashine. Mimi nilikaa mdomoni pa mashine, nikiilisha. Na Paulina alishona magunia. Nilikuwa kiongozi wao kwa sababu ya umri, si kwa sababu nyingine yoyote.

Hatujafika hata njia panda ya Nangwa, Paulina akanigusa bega.

"Mzee Salimu, nikuambie mapema usije ukasema sikukuambia. Tukifika Basotu nashuka."

"Unakwenda kumsalimia dada yako?"

"Nashuka na godoro langu."

Maana yake hapandi tena. Katikati ya msimu, mshona magunia mzuri hapatikani, wote wameshachukuliwa. Na bila mshonaji, mahindi yanamwagika chini na mashine inabaki chuma. Zaidi ya hapo, mwenye mashine, mama mmoja wa Katesh, alikuwa ameniambia waziwazi kwamba kikundi changu kikitawanyika tena kama msimu uliopita, mashine anawakodishia wengine. Kwa hiyo tangu asubuhi ile mimi nilikuwa na safari ya kutoka Katesh mpaka Basotu ya kumfanya mwanamke mmoja asishuke.

"Tumekukosea nini?" nikamuuliza.

"Mzee, acha. Tufanye kazi."

Kabla sijaendelea, mnijue kidogo. Nimezaliwa Kondoa. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa ujinga, ila kila nilipokaa darasani nilitaka kujua barabara ya nje inakwenda wapi. Nikaifuata. Nimechoma matofali, nimepasua mbao, nimepakia vitunguu saumu kwenye malori kule Mbulu mpaka nikitoka jasho linanuka mchuzi. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoielewa. Nikishaielewa, miguu inaanza kuwasha. Hii ya mashine ndiyo niliyokaa nayo mpaka mapafu yakaniambia basi, na watu huniuliza nilikaaje. Wengine wanafikiri ni kwa sababu mashine inahamahama kama mimi. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine niliipata katika safari hii ninayowasimulia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bayo wa Dongobesh. Alinifundisha kung'ata punje kabla ya kuwasha mashine: ikivunjika kwa mlio mkavu, anza; ikibonyea chini ya jino, mwambie mwenye shamba aanike tena, hata akikasirika. Alinifundisha kuacha masikio mawili kwenye pembe za gunia ili mbebaji apate pa kushika. Alinifundisha kutovaa shati lenye mikono mirefu karibu na mdomo wa mashine. Haya yote mpaka leo ni kweli. Na alinifundisha kikao cha jioni. Kazi ikiisha, kabla ya kula, mnakaa chini na kiongozi anataja makosa ya siku: gunia la nani limefumuka, nani amemwaga, nani amechelewa na mafuta. Kila kikundi nilichokifahamu kilifanya hivyo. Ukitajwa unajibu "nimesikia", na yanaisha. Nilidhani yanaisha.

Nangwa tulipata rundo kubwa kwenye uwanja wa familia moja ya wakulima. Katika uwanja huohuo alipanga mwalimu wa sekondari, Mwalimu Rehema, mwenyeji wa Tanga, mwaka wake wa kwanza huku kwenye baridi. Hatukumwona mpaka mchana, alipotoka ndani mikono kiunoni.

"Jamani! Jamani nyie! Hamkuona kamba ya nguo?"

"Tuliona, mwalimu," Bura akasema. "Tulidhani ni bendera."

Nguo zake zote zilikuwa zimegeuka rangi ya pumba. Aliponiona mvi akajikaza. "Shikamoo mzee. Lakini nguo zangu mmezimaliza."

"Marahaba mwanangu. Tutazifua."

"Nani atazifua? Wewe?"

"Gidamis."

"Mimi?" Gidamis akashangaa. "Hata hizi nilizovaa huwa nasubiri mvua."

Mwalimu akacheka, ingawa hakutaka. Nguo alizifua mwenyewe, lakini mimi nilimchotea maji, na jioni akaja na birika la chai kutoka kwa mama mwenye nyumba. Alitukuta kwenye kikao. Nilikuwa nimefika kwa Paulina: magunia mawili yameshonwa kwa nyuzi zilizolegea. Paulina akajibu "nimesikia", macho mekundu kama ya mtu aliyekatakata vitunguu siku nzima.

Mwalimu Rehema alimimina chai mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, "Mzee, leo hakuna kilichokwenda sawa?"

"Kimekwenda. Rundo si unaona limeisha."

"Mbona hamkukitaja?"

"Kilichokwenda sawa kitajwe kwa faida gani? Hakina cha kurekebishwa."

"Sasa mtajuaje namna ya kukirudia kesho?"

Vijana, mimi ni mtu wa maswali, na swali zuri likinipata hunikaba kama kipande cha nyama. Nikamwomba akae. Akatueleza kwamba kuna elimu inaitwa saikolojia chanya, ameifuata kwenye semina na kwenye simu yake. Akasema wataalamu wa akili kwa miaka mingi walichunguza mtu anapougua. Hawa wengine wakaanza kuchunguza mtu anapokuwa mzima: anafurahia kazi wakati gani, anachoka lakini hachukii kwa sababu gani. Akatupa mazoezi mawili. La kwanza, jioni kila mmoja ataje jambo moja zuri la siku hiyo na aseme kwa nini limetokea. "Hiyo 'kwa nini' msiiruke," akasema, "dawa iko hapo." La pili, kila mmoja ajiulize ni kazi gani akiifanya anasahau saa, halafu apewe zaidi ya hiyo.

"Na kama siku yote ilikuwa mbaya?" Bura akauliza.

"Basi ilikuwa mbaya. Siwaambii mjidanganye. Mguu ukivunjika umevunjika, hauponi kwa kuchekelewa."

Tukajaribu palepale, na chai mkononi. Nikaanza na Gidamis.

"Sijafa," akasema.

"Kwa nini?"

"Muulize Mungu."

Bura akasema jambo zuri la siku ni chai ya mwalimu. Kwa nini? Kwa sababu ina sukari. Wakacheka wote wawili, kila mmoja akicheka upande wake, maana walikuwa hawapendani. Nikamgeukia Paulina. Alikuwa akizungusha shazia, ile sindano kubwa ya magunia, kati ya vidole.

"Mchana upepo uligeuka kidogo," akasema. "Nikapumua."

"Kwa nini uligeuka?"

"Haukuniambia, mzee."

Akachukua kikombe chake akaenda kulala.

Sasa niwaeleze mashine ilivyo. Punje zinatokea upande mmoja, makapi na vumbi yanarushwa upande wa pili. Mshonaji anakaa upande wa punje. Upepo ukitoka nyuma yake, vumbi linakwenda zake. Ukimjia usoni, vumbi lote linamrudia, na yeye hawezi kuondoka kama mbebaji anavyoondoka, wala kugeuza uso kama mimi nilivyogeuza. Dereva wa trekta hupenda kuegesha mahali tambarare na penye njia rahisi ya kutokea. Hivyo ndivyo Bura alivyoegesha, na madereva wote kabla yake. Paulina alikuwa ameshona misimu mingi akila vumbi, na katika vikao vyote vya makosa neno hilo halikuwahi kutajwa, kwa sababu halikuwa kosa la mtu. Nyuzi zilizolegea nilizitaja. Macho yaliyoshindwa kuona uzi sikuyataja. Lilitoka tu siku alipoulizwa kizuri.

Kijana mmoja wa bodaboda hapa Katesh nilipomsimulia haya akaniambia, "Babu, hizo ni motivesheni tu, watu wanauza maneno." Nikamwambia anisikilize vizuri. Mtu anayekuja kazini kwako akakuambia utabasamu huku vumbi linakuingia, huyo mfukuze. Mimi ninazungumzia kuuliza mtu alipumua saa ngapi, halafu kesho yake kumtafutia pumzi zaidi. Hiyo ni kazi ya mikono, haina maneno matamu.

Asubuhi nikamwambia Bura kwenye rundo la jirani aegeshe kwa kufuata upepo.

"Trekta si mbuzi, mzee. Huwezi kulifunga kila kichaka."

"Egesha."

"Na upepo ukigeuka?"

"Tunazima, tunageuza."

"Tutamaliza Krismasi."

Aliegesha akiwa amenuna. Kisha nikaleta zoezi la pili. Nikamuuliza Gidamis ni kazi gani humsahaulisha saa. Akafikiri, akasema, "Kusikiliza. Nilipokuwa nachunga, nilijua ng'ombe gani anakohoa hata kama yuko nyuma ya kilima." Nikajiuliza mtu mwenye masikio ya namna hiyo anabebeshwa mahindi kwa nini. Nikampa mdomo wa mashine, mimi nikachukua ubebaji. Mgongo wangu ulinitukana kwa lugha zote za mkoa wa Manyara, lakini Gidamis alikuwa na kipaji. Mashine ikianza kulemewa, alisikia kabla yangu, akapunguza mahindi, ikatulia. Punje zikatoka nzima.

Tatizo ni kwamba sasa aliisikia na injini.

"Dereva! Punguza mafuta, unavunja punje!"

"Wewe umesomea injini wapi?"

"Nimesomea masikioni!"

Mchana hawakusemezana tena. Jioni, zamu ya kutaja jambo zuri ilipofika, Bura akasema yeye hana, na Gidamis akasema la kwake ni kwamba Bura hana. Paulina akanitazama. Ule ubao wa kujiokolea niliodhani nimeupata pale Nangwa ukawa unazama. Alipumua vizuri siku hiyo, ndiyo, lakini aliketi katikati ya wanaume wawili wanaonuniana, na bado godoro lake alilifunga kwa kamba yake peke yake, mbali na yetu.

Kutoka Nangwa tukaenda Getanuwas. Huko wenyeji wengi ni wakulima na wafugaji kwa pamoja. Tukapokelewa na mzee mmoja wa Kibarabaigi mwenye rundo la mahindi kubwa na boma kubwa zaidi. Jina lake sitalitaja; tulimwita Mzee tu. Tulifika alasiri, ng'ombe wanarudi, akatupa mahali pa kulala na maziwa ya kunywa, tukapanga kuanza asubuhi. Tukakaa naye nje, na mimi, somo la Mwalimu Rehema likiwa bado linanichemka kichwani, nikasema tumshirikishe mwenyeji. Nikamweleza kwamba sisi siku hizi kila jioni tunataja jambo zuri. Nikaanza mwenyewe.

"Jambo langu zuri la leo," nikasema kwa sauti ya kutosha boma zima, "ni ng'ombe wa Mzee. Jinsi walivyo wengi! Na walivyonona! Yule mwekundu peke yake..."

Vijana wa Hanang mmeshaanza kushika vichwa. Kwa ninyi wa mbali, niwaeleze. Mifugo ya mtu haihesabiwi kwa sauti, wala husimami mbele ya boma lake ukatangaza unono wa wanyama wake. Anayefanya hivyo ni mtu anayewatakia mabaya, au anayetafuta cha kuiba. Na msidhani sikujua. Nilikuwa nimeishi huku miaka mingi, nilijua kama ninavyojua jina langu. Furaha ya elimu mpya ilinipitisha juu ya akili ya zamani.

Mzee aliweka kibuyu chini, akasimama, akaingia ndani. Baada ya muda mkewe akatoka akasema mahindi yasubiri kwanza, Mzee ataamua kesho kama anahitaji mashine.

Paulina akajifunika khanga uso mzima. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, lakini kicheko cha mtu aliyekata tamaa. "Mzee Salimu," akasema, "Basotu nitakwenda kwa miguu."

Asubuhi niliamka nikakuta nafasi ya Gidamis iko wazi, na ya Bura pia. Nilifikiri wameondoka. Kweli nilifikiri ndio mwisho wa kikundi, na nikaanza kupanga nitakavyomwambia mama wa Katesh. Kisha nikawaona wakitoka nyumbani kwa Mzee, wote wawili, pamoja na Mzee mwenyewe, wanacheka mpaka Bura ameshika ukuta.

Ilikuwa hivi. Gidamis aliamka alfajiri ili aone namna ya kulisawazisha jambo lile na Mzee kwa lugha yao. Lakini kwa desturi alihitaji mtu wa upande wangu, mtu mzima atakayesimama akasema mgeni wetu hakukusudia ubaya. Paulina alikuwa amelala. Akabaki Bura. Basi akamwamsha dereva ambaye alikuwa hajamsemesha tangu juzi.

"Nikamwambia," Bura alinisimulia, "mimi wewe sikusaidii, ila mzee wetu ni mjinga, na mjinga wetu ni wetu sote."

Mbele ya Mzee, Gidamis alisema macho yangu yameharibiwa na vumbi, naona ng'ombe wengi kumbe ni mmoja. Bura akaongeza kwamba hata yeye juzi nilimwona amenona. Mzee akacheka, akawapa maziwa, akaombea mvua na majani na amani ya boma, wao wakaitikia. Na akatuma ujumbe kwangu, ambao Gidamis alinitafsiria akiwa ananitazama kwa huruma ya mtu mkubwa kwa mtoto: "Mwambie akitaka kusifia, asisifie nilicho nacho. Amsifie kijana wangu aliyewachunga. Jana aliwapeleka mbali kutafuta majani na akawarudisha wote kabla ya giza. Hilo analiweza mtu."

Nilikaa juu ya gurudumu la trekta nikalitafakari, chai ikapoa. Mwalimu Rehema alikuwa ametuambia tuseme kwa nini. Mimi nilisifia wingi na unono, vitu ambavyo havina "kwa nini". Mzee alinionyesha mahali pa kuielekeza sifa: kwenye kile alichokifanya mtu, kwa namna ambayo anaweza kukifanya tena. Ukimwambia mwenzako "wewe una nguvu sana", hujampa kitu. Kesho akiwa mgonjwa utamnyang'anya. Ukimwambia "ulivyolishikilia lile gunia mpaka nikalifunga, uzi ulikaa vizuri", umempa. Baadaye nilipopita Nangwa nikamsimulia mwalimu. Alicheka mpaka machozi, akasema kwao Tanga pia mtoto mnene hasifiwi hovyo, na yeye mwenyewe hakuwahi kuunganisha hayo mawili. Tukaendelea kuandikiana kwenye simu.

Siku hiyo Getanuwas tulifanya kazi. Nikiwa nabeba nilikuwa nawatazama. Gidamis badala ya kupiga kelele aliinua kiganja, na Bura akapunguza mafuta. Akakishusha, Bura akaongeza. Katikati ya mchana injini ikazimwa ghafla. Nikadhani mkanda umekatika.

"Nini tena?" nikauliza.

"Upepo," Bura akasema, tayari anashuka kukunja turubai. "Umehama. Hukuona? Mama Paulina anakula vumbi."

Sikumtuma mimi, wala Paulina hakumwomba. Aligeuza trekta na mashine, tukapanga upya, tukaendelea. Ilitugharimu muda, lakini magunia ya mchana ule yalishonwa haraka kuliko ya asubuhi, na hakuna lililofumuka. Mshonaji anayeona uzi wake hashoni mara mbili.

Jioni nikafungua kikao. Makosa tuliyataja pia, msidhani tuliyaacha. Mimi nilimwaga mahindi mara kadhaa na nikatajwa, nikajibu "nimesikia". Kisha yale mazuri.

"Dereva alikuwa ananitazama mkono," Gidamis akasema. "Kwa nini: sijui. Labda amechoka kunisikia."

"Nimechoka kukusikia," Bura akakubali. "Zuri langu: leo sijavunja punje. Kwa nini: huyu Mang'ati ana masikio ya sungura."

"Mbulu wewe, kichwa kama jembe."

"Ndiyo. Na limelima."

Ikabaki zamu ya Paulina. Akatikisa kichwa. "Mimi leo nipitisheni."

Tukampitisha. Mtu akisema umpitishe, mpitishe. Hilo nalo nilikuwa nimeanza kulijua, na lilikuwa gumu kwangu kuliko kubeba magunia, maana nilitamani sana kumuuliza.

Asubuhi tukafunga mizigo. Paulina alifunga godoro lake kwa kamba yake, akakaa nalo kwenye magoti njia nzima. Tukapita pembeni ya mashamba makubwa ya ngano, yamevunwa, yamebaki mashina. Gidamis akaimba, Bura akamwambia anyamaze, Gidamis akaimba zaidi. Mimi nilikuwa natafuta la kumwambia Paulina, na kila nililolipata lilikuwa la kumsihi. Nikaona heri ninyamaze. Alikuwa ameniambia mapema, kama mtu muungwana. Kumbana njiani isingekuwa haki. Nikasema tu jambo moja, kwa sababu lilikuwa la kweli na nisingependa ashuke bila kulisikia.

"Paulina, ile siku ya kwanza ulivyosema upepo uligeuka. Usingelisema lile, tungekuwa bado tunaegesha hovyo."

"Uliuliza," akasema.

"Wengine waliulizwa wakataja chai."

Akatabasamu kidogo, akatazama mashamba ya ngano.

Tuliingia Basotu jua likiwa bado juu ya ziwa. Marundo yalikuwa mengi, hayajaguswa. Hakukuwa na mashine nyingine. Kwa kawaida hapo ningeruka chini kwa furaha. Bura alizima trekta karibu na maduka. Paulina akashuka, akaliweka godoro begani, akakung'uta khanga, akaondoka bila kugeuka kwa njia inayokwenda kwa dada yake. Tukamwangalia mpaka akapotea nyuma ya nyumba.

"Hata kwaheri?" Bura akasema.

"Ungefanya nini nayo?" Gidamis akamjibu, lakini kwa sauti ya chini.

Hatukutafuta kazi wala mahali pa kulala. Tulikaa juu ya mashine kama kuku walionyeshewa. Watu wawili watatu walikuja kuuliza kama tunapukuchua; nikawaambia wasubiri kidogo, nami sikujua wasubiri nini. Nilikuwa nimeshaanza kujiuliza nani katika Basotu yote anaweza kushika shazia.

Ndipo akatokea upande mwingine kabisa, siyo alikokwenda. Hana godoro. Nyuma yake alikuja mama mmoja mnene mwenye funguo mkononi, akikagua trekta letu kwa jicho la mwenye nyumba.

"Kwa dada pamejaa wageni," Paulina akasema, "nimemsalimia tu. Huyu mama ana vyumba nyuma, na uwanja. Godoro langu nimeshaliweka ndani kwenye kile chenye dirisha, kwa hiyo msikitazame. Salimieni basi!"

Tukasalimia. Mama akaitikia mmoja mmoja, akaniuliza mimi kwa kuwa nina mvi, "Mnakaa siku ngapi?"

Nikafungua mdomo. Paulina akanitangulia.

"Mpaka mahindi ya watu yaishe, mama," akasema, akapokea funguo.